Samaki Watano wa Katikati

Kwa dakika kumi za kwanza Bibi Sajini hakumuuliza mtu swali lolote. Aliomba kiti kisicho na magurudumu, akakiweka mbele ya tangi la samaki, akaketi na mkoba wake mapajani, akatulia kama mgonjwa anayengoja kuitwa ndani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika tano mchana. Kliniki ya meno ilikuwa imefungwa kwa chakula, na harufu ya mafuta ya karafuu ilikuwa bado imetanda chumba kizima cha kungojea. Tangi lilichukua ukuta mmoja wote. Ncha yake ya kushoto iligusana na meza ya mapokezi. Ncha ya kulia iliishia kwenye mlango wa chumba cha matibabu. Kati ya ncha na ncha palikuwa na hatua nne za mtu mzima. Maji yalikuwa maangavu, taa mbili ndefu ziliwaka juu yake, na pampu ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mpita njia angesema hapa hakuna kilichoharibika.

Ila nyuma ya mlango wa kutokea palisimama sanduku la kijani, limefungwa kwa mkanda wa suruali kwa sababu zipu ilikuwa imekataa. Lilikuwa la mke wa daktari. Saa nane kamili teksi ingefika kumpeleka kwao. Daktari alikuwa amekwisha kutamka kwamba teksi hiyo itaondoka tupu kwa sharti moja tu: Bibi Sajini amthibitishie kwamba anayeua samaki wake si mkewe.

"Bibi, umelala?" daktari akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yake na koti lake jeupe, mikono mifukoni.

"Kobe akitulia watu husema amelala, mwanangu. Mwambie anayekimbia ashindane naye." Bibi Sajini alitoa daftari. Alikuwa amestaafu upolisi mwaka wa saba sasa, na meno yake ya juu yote yalikuwa kazi ya mikono ya daktari huyu, kwa hiyo alipoitwa alikuja. "Ulinunua wangapi?"

"Saba. Mmoja alikufa Jumatatu, mwingine jana."

"Waliingia lini tangini?"

"Leo siku ya ishirini na moja. Kabla ya hapo maji yalikaa matupu wiki tatu. Fundi alisema tangi jipya lazima likomae kwanza, kama chungu kipya."

Waliobaki walikuwa watano: mmoja wa manjano, bapa kama jani, wawili wadogo wa mistari ya chungwa na nyeupe, mmoja wa buluu, na mmoja wa kijivu, mnene, mwenye uso wa mtu aliyeudhiwa. Wote walikuwa wamesongamana nyuma ya jiwe la katikati, mapezi yameshikana na miili, wakihema haraka haraka. Bibi Sajini aliandika: *Katikati. Wote. Hakuna hata mmoja anayekwenda kwenye ncha.* Akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

"Chakula?"

"Nawalisha mimi mwenyewe, asubuhi na jioni. Sasa hawali."

"Nani mwingine hugusa tangi?"

"Hakuna. Nimekataza. Hata kioo sitaki kikaguswe." Daktari alishusha sauti. "Bibi, hapa pana sumu. Dada yangu alimwona mke wangu asubuhi moja, saa moja kasoro, kabla sijashuka kutoka ghorofani, ameinama juu ya tangi na jagi mkononi. Na mke wangu ana sababu. Ananiambia nawasalimu samaki kabla yake."

"Ni kweli?"

Daktari alijikuna sikio. "Wao hawaniulizi nilikuwa wapi."

Bibi Sajini alilisogelea tangi. Kwenye kioo, karibu na ukingo, palikuwa na mstari mwekundu wa kalamu, na maji yalikuwa yameugusa sawasawa. "Huu nani aliupiga?"

"Fundi, siku ya kuwaingiza samaki. Na tazama," daktari akasema, uso umemng'aa kwa mara ya kwanza, "mpaka leo maji yako pale pale. Tangi langu halipungui. Kila mgonjwa namwonyesha. Ndiyo tofauti ya kitu cha uhakika na takataka."

"Wewe huongezi maji?"

"Niongeze ya nini, wakati hayapungui?"

Bibi Sajini alinyoosha mkono juu ya taa, akauondoa upesi. Kisha akatoa leso yake nyeupe, akaichovya tangini, akaikamua kidogo, akaitandaza juu ya waya unaokinga taa.

"Unafanya nini?"

"Naanika nguo," akasema, akaenda zake mapokezi.

*

Mke wa daktari alikuwa akipanga kadi za wagonjwa. Alikuwa amezipanga, akazivuruga, akaanza upya.

"Mama, nina maswali machache," Bibi Sajini akasema.

"Uliza tu, Bibi. Mimi nimeshahukumiwa, nangoja gari."

"Wifi yako anasema alikuona kwenye tangi na jagi."

"Wifi yangu angeniona hata kama angekuwa kipofu." Alichukua kadi nyingine. "Nilikuwa namwagilia ua."

Bibi Sajini alilitazama ua lililokuwa mezani. Lilikuwa na majani mapana yanayong'aa. Akalibana jani moja kwa vidole.

"Hili ni la plastiki, mama."

"Linashika vumbi."

Kando ya ua palikuwa na jagi la kioo. Mdomo wake ulikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyokauka. Bibi Sajini alipitisha kidole, akakigusisha ulimini, akaandika neno moja daftarini. Mke wa daktari alimwona, akageuza uso.

"Na huyo fundi wa matangi," Bibi Sajini akasema, "kwa nini haji tena?"

"Muulize aliyemfukuza. Siku ya kuleta samaki nilicheka naye kidogo hapa mezani. Kumbe ndani mtu amezima keekee yake ya kutobolea meno asikilize ninacheka mara ngapi. Jioni nikaambiwa fundi hana adabu na asikanyage tena."

"Nimemwita mimi. Atafika saa saba na nusu."

Kadi moja ilimponyoka mke wa daktari ikaanguka chini. "Bibi," akasema, "unataka teksi ije mapema?"

*

Dada yake daktari alikuwa chumba cha matibabu, akitoa vyombo kwenye sufuria ya mvuke na kuvipanga juu ya kitambaa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye glavu zilizopandishwa mpaka kiwiko.

"Mdogo wangu nimemlea kwa mikono hii," akasema kabla hajaulizwa. "Mama alikufa huyu hajaota magego. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mswaki. Leo ni daktari wa meno. Mswaki wa kwanza nani alimshikia? Lakini ukimuuliza mtu hapa nje, atakuambia daktari ana mke. Basi."

"Ulimwona wifi yako kwenye tangi."

"Kwa macho yangu."

"Ulimwona mara moja au mara nyingi?"

"Mara moja inatosha."

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini hapo kabla ya saa moja?"

Koleo moja iligonga nyingine. "Nawahi kazini. Wapo wanaowahi kazini."

Kwenye sinki palikuwa na mabakuli mawili ya mpira, yale ya kuchanganyia plasta ya kupimia meno. Moja lilikuwa na madoa ya waridi, rangi ya plasta yenyewe. La pili lilikuwa na ukoko mweupe ukingoni. Bibi Sajini aliugusa, akauonja. Plasta haina ladha. Huu ulikuwa na ladha.

"Stoo iko wapi, dada?"

"Mlango wa pili. Hakuna kitu humo, mifuko tu."

Humo stoo kulikuwa na mfuko mmoja mkubwa wa chumvi ya tangi, ule anaouacha fundi kwa ajili ya kubadilisha maji kila mwezi. Kwenye karatasi yake fundi alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba utatosha miezi mitano. Bibi Sajini aliuinua kwa mkono mmoja. Ulikuwa mwepesi kama mto wa kulalia.

*

Fundi alifika na begi lake la mabomba. Watu humwita Mapovu, na jina limemkaa, kwa maana husema kila neno kama linapanda kutoka chini ya maji. Daktari alipomwona alikunja mikono kifuani.

"Huyu simtaki humu."

"Mimi ndiye ninayemtaka," Bibi Sajini akasema. "Saa saba na dakika thelathini na tano. Tusipoteze muda, sanduku linatungoja. Kwanza tumalize neno la kicheko. Mama, siku ile mlicheka nini?"

Mke wa daktari alimtazama mumewe kwanza. "Fundi alinieleza habari za hawa wa mistari. Mkubwa ni jike. Huyo jike akifa, dume wake hangoji kuletewa mke mwingine. Anageuka yeye mwenyewe kuwa jike."

"Ni kweli kabisa," Mapovu akasema, akiitazama sakafu.

"Ndicho kilichokuchekesha?" daktari akauliza.

"Nilikuwaza wewe jikoni."

Dada mtu alikohoa ndani ya glavu. Daktari alikunjua mikono, akaikunja tena, lakini safari hii haikukaa vizuri.

"Sasa," Bibi Sajini akasema, "mashahidi wangu ni watano na hawajui kusema uongo. Kila mmoja wenu atalikaribia tangi peke yake. Wengine mkae kule ukutani, mnyamaze. Fundi, anza."

Mapovu alilikaribia tangi. Samaki wa manjano alichungulia kutoka nyuma ya jiwe, akasogea kidogo, akamtazama mikono.

"Ananidai chakula," Mapovu akasema.

"Daktari."

Daktari alisimama mbele ya kioo. "Hamjambo, wanangu," akanong'ona. Samaki hawakujitingisha. Mke wake aliangalia dari.

"Mama, wewe. Simama pale unaposimama siku zote."

Mke wa daktari alitembea mpaka ncha ya kushoto, karibu na meza yake. Hata kabla hajafika, samaki wote watano walichomoka nyuma ya jiwe wakakimbilia kulia. Walikwenda hatua moja, wakasimama ghafla kana kwamba wamegonga ukuta, wakabaki hapo wakihema.

"Mmeona?" dada mtu akasema. "Nilisema mimi. Hata samaki wanamjua."

"Zamu yako, dada."

"Mimi?"

"Kila mmoja wenu, nilisema."

Dada mtu alivuta glavu juu, akatembea mpaka ncha ya kulia, karibu na mlango wa chumba chake. Samaki walikurupuka. Walimkimbia yeye vilevile, wakaenda kushoto, wakasimama hatua moja tu kutoka kwenye jiwe, wakarudi katikati wakajibana.

"Ndiyo maana hawaendi kwenye ncha," Bibi Sajini akasema. "Kushoto wanamwagiwa kitu kinachowachoma. Kulia wanamwagiwa kitu kinachowachoma. Mtu wa nyumba yenye milango miwili, na kila mlango una nyuki, atakaa wapi? Fundi, kipimo chako."

Mapovu alitoa kikebe cha plastiki chenye mshale ndani, akakijaza maji ya tangi, akakigonga kutoa mapovu. Mshale ulipanda, ukapita alama ya kijani, ukaenda kulala juu kabisa. Alikimwaga, akapima tena. Mshale ukalala palepale.

"Lo," akasema. "Hii si bahari tena. Haya ni maji ya kutia ngozi isioze."

"Chumvi?"

"Chumvi tupu, Bibi. Niliiacha sawasawa, siku ishirini na moja zilizopita."

Daktari aligeuka polepole, akamtazama mkewe, akamtazama dada yake. "Kwa hiyo mmeshirikiana? Nyinyi ambao hata chumvi ya mezani hampeani, mmeshirikiana kuniulia samaki?"

"Wangeshirikiana, leo tusingekuwa hapa," Bibi Sajini akasema. Aliiondoa leso yake kwenye waya wa taa. Ilikuwa imekauka kau, ngumu kama kipande cha karatasi. Akaikunja, na vumbi jeupe likadondoka kwenye kiganja cha daktari. "Onja."

Daktari alionja.

"Maji yamekwenda na joto la taa. Chumvi imebaki kwenye leso. Tangi lako liko wazi juu, linapikwa na taa mbili mchana kutwa, na wewe unaniambia halipungui. Mwanangu, hata kikombe cha chai kilichosahauliwa dirishani hupungua. Kama maji yako pale pale siku ishirini na moja, basi kuna mtu anayaongeza. Na tazama mstari. Mtu mwenye nia ya kuua humwaga tu akakimbia. Hawa wamemimina mpaka mstarini, wakasimama. Kila siku. Huo si mkono wa kuua. Ni mkono wa kutunza."

Alilileta jagi kutoka mapokezi na bakuli la mpira kutoka kwenye sinki, akaviweka juu ya meza, kimoja pembeni ya kingine, koko zao nyeupe zikitazamana.

Mke wa daktari ndiye aliyeanza. "Siku ya pili niliona maji yameshuka chini ya mstari. Nikasema nikimwambia atafoka kwamba nimechungulia tangi lake. Nikachanganya chumvi, kwa sababu ni samaki wa bahari, nikajaza. Mchana nikamsikia anamwambia mgonjwa, 'Tangi langu halipungui.' Nikafurahi. Nikasema, basi kumbe kipo kitu changu anachokisifu, japo hajui ni changu."

"Ulikuwa unajaza saa ngapi?" dada mtu akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Asubuhi."

"Mimi saa hizi za chakula, yakishuka tena." Dada mtu alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. "Nilikuwa nazidisha chumvi kidogo. Nilipokuona na jagi nikajua unawatilia sumu, nikasema nisipoyatia nguvu maji watakufa. Na mimi nilimsikia akisema halipungui. Nikasema, bado ananihitaji huyu."

Walitazamana. Mwaka wa nne walikuwa wakifanya kazi mlango kwa mlango, na hakuna aliyekumbuka kuwaona wakitazamana hivyo bila kukunja midomo.

"Umejaza vizuri, wifi," dada mtu akasema. "Hata tone halikupita mstari."

"Na wewe, wifi."

Daktari alijipangusa paji la uso. "Basi ni ujinga tu. Hamkujua. Nani angejua?"

"Swali zuri," Bibi Sajini akasema. "Fundi, maelekezo ya tangi ulimpa nani?"

"Daktari. Mkononi, ukurasa mmoja. Nikamwambia aubandike hapa ukutani kila mtu auone."

Bibi Sajini alizungusha macho ukutani. Palikuwa na picha ya jino kubwa lililokatwa kati, kalenda, na tangazo la kuzima simu. "Siuoni."

Masikio ya daktari yalikuwa yamebadilika rangi. Mwishowe aliingia chumba cha matibabu, wakasikia funguo, wakasikia mtoto wa meza akivutwa, mle anamoweka sindano za ganzi. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Bibi Sajini aliikunjua, akaisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata maneno.

"'Moja. Lisha kidogo. Mbili. Kila siku maji yakishuka chini ya mstari, ongeza maji matupu. MAJI MATUPU TU. Chumvi haipotei na joto.'" Aliinua macho. "Uliisoma?"

"Nilisoma la kulisha."

"Na kwa nini uliifungia na ganzi?"

Daktari alivuta kiti kisicho na magurudumu, akaketi. "Humu ndani kila kitu wanakigombania, Bibi. Redio. Dirisha. Nani anitengee chakula. Nilitaka kitu kimoja ambacho hakuna anayejua kukitunza isipokuwa mimi."

"Mficha uchi hazai," Bibi Sajini akasema, "na mficha karatasi hafugi. Wawili hawa walikuwa na wivu juu yako, nao uliwaletea chumvi mkononi. Lakini wivu uliofungiwa kwa ufunguo ulikuwa mmoja tu. Niandike jina la nani hapa?"

Alisubiri kalamu ikiwa hewani. Daktari alinyoosha mkono, akaichukua kalamu hiyo, akaandika mwenyewe.

*

Mapovu alitoa ndoo mbili. "Leo tunatoa ndoo moja ya maji ya chumvi, tunatia ndoo moja ya maji matupu, tunaacha. Kesho tena. Wiki nzima. Mkiharakisha mtawaua kwa utamu wa maji matupu."

Mke wa daktari aliichukua karatasi akaibandika kwa plasta ya kidonda kwenye ncha ya kushoto ya tangi. Dada mtu aliitazama kidogo, akaibandua, akaipeleka ncha ya kulia. Mke akamfuata. Bibi Sajini aliinyakua kabla neno halijatoka, akaibandika katikati, mbele ya jiwe, na nyuma yake samaki watano wakabaki wakihema.

Honi ikalia nje. Saa nane kamili.

Daktari alisimama. "Nitamwambia aende."

"Hukumwita wewe peke yako, nami nilikubali," mkewe akasema. "Kaa." Akapita karibu na sanduku bila kuligusa, akafungua mlango. Wagonjwa wawili walikuwa kibarazani, mmoja ameshika shavu. Walimsikia akizungumza na dereva: "Rudi, kaka. Lakini Jumanne ijayo, saa nane, pita tena uulize."

Alipoingia, daktari alikuwa amekwisha kulishika sanduku mkanda wake, akitaka kulipandisha ghorofani.

"Liache palepale," mkewe akasema.

"Mpaka lini?"

"Uliwaamini samaki kuliko mimi. Basi na waamue wao. Wakija kuogelea ncha hii ninaposimama mimi, nitalifungua."

Bibi Sajini alifunga daftari, akaitia leso yake yenye chumvi mkobani, akawapisha wagonjwa mlangoni. Alipogeuka kuaga, dada mtu alikuwa akimshikia wifi yake ndoo, na maji matupu yalikuwa yakiingia tangini kidogo kidogo. Daktari alikuwa ameinama ncha ya kushoto, magoti sakafuni, koti jeupe limefagia chini, akigonga kioo kwa ukucha na kubembeleza. Samaki wa manjano alitokeza kichwa nyuma ya karatasi, akamtazama kwa jicho moja, kisha akarudi alikotoka.